Ruvu: Maji ya Dar, Jembe la Uluguru

Mwishoni mwa Oktoba 2022, Dar es Salaam ilipoingia kwenye mgawo wa maji, madumu ya njano yalipanga foleni na wenye maboza walipata mavuno. Lawama zilielekezwa kwa Dawasa, mamlaka ya maji ya jiji. Milima ya Uluguru hakuna aliyeiulizia.

Mto Ruvu, unaoinywesha Dar, unaanzia huko, kusini ya mji wa Morogoro, milimani ambako kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Pepo za baharini hugonga miteremko ya mashariki na mvua humwagika karibu mwaka mzima. Mgeta, upande wa pili, hupata masalio na bado inalisha masoko kwa kabichi na njegere. Mito ya Mfizigo, Mvuha na Mgeta hukutana tambarare, Ngerengere huongezeka mbele, kisha mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini hunywa kabla mto haujamwaga baharini karibu na Bagamoyo.

Maji hayo yana historia ya ugomvi. Miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru, wakulima wa milima hiyo, kukata ngazi mashambani ili kuzuia mmomonyoko. Wakakataa, na mwaka 1955 ghasia zikazuka. Wakaitwa wakaidi, ingawa hoja yao ilikuwa ya kikulima kabisa: rutuba ya kule ni tabaka jembamba, na ukichimba mteremko mkali unaufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule usioshibisha mhindi. Halafu kazi yenyewe ya bure!

Mwishoni mwa miaka ya 2000 ngazi zilirudi Uluguru, huko Kibungo Juu, kwa mlango mwingine. Mashirika ya CARE na WWF yalibuni mpango wa watumiaji wa maji wa mjini kumlipa mkulima wa mlimani anayekata ngazi na kupanda miti, Dawasco, kampuni iliyosambaza maji Dar wakati huo, ikiwa miongoni mwa walipaji. Jembe lileile, safari hii kwa hiari. Kasoro ni kwamba walipaji walikuwa wa kuhesabika, na mji wenye mamilioni ya watu uliendelea kufungua bomba bila habari.

Sasa macho yote yako Kidunda, kwenye Mto Ruvu, kwenye bwawa la lita bilioni 190 lililosubiriwa kwa miongo. Linahitajika, sibishi. Ila liko mkondo wa chini, baada ya Mfizigo kuingia: udongo unaong'oka Kibungo kila masika utatua humohumo, na huenda kulizoa tope bwawani kukawa ghali kuliko kumlipa mwenye shamba alizuie juu. Hesabu hiyo sijaiona ikipigwa hadharani.