Shukrani na Tumaini katika Dhiki: Jinsi ya Kuhakiki Dhamira ya Kidini

Mtahiniwa anapokutana na utungo wa Kikristo unaotaja mateso na shukrani pamoja, aghalabu huandika kwamba mtunzi anatuhimiza tumshukuru Mungu, kisha akaishia hapo. Jibu hilo ni finyu. Linaacha swali muhimu: je, msemaji anashukuru kwa sababu ya mateso, au anashukuru akiwa ndani ya mateso?

Tuchukue mfano wa sura ya tatu ya kitabu cha Habakuki. Nabii anaorodhesha hasara: mtini usiochanua, mizeituni isiyozaa, mashamba yasiyotoa chakula, na hatimaye zizi lisilo na mifugo. Ni baada ya orodha hiyo ndipo anapotangaza furaha yake kwa Mungu. Mwanafunzi wa Lorugum, magharibi ya Lodwar, huenda hajawahi kuuona mzeituni, lakini zizi tupu analielewa. Kuanzia mwaka wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya na mifugo wengi wakafa. Isitoshe, kwa Waturkana, Akuj, yaani Mungu, huhusishwa na mbingu na mvua. Kumsifu Mungu mvua inapokosekana basi si jambo jepesi.

Kimtindo, mhakiki atambue mambo mawili. Kwanza, takriri ya ukanushi inayorundika hasara. Pili, ukinzani unaofuata. Furaha haifuti hasara; utungo unapokwisha, zizi lingali tupu.

Katika Waraka kwa Warumi, sura ya tano, Paulo anatumia muundo mwingine. Anatoka kwenye dhiki, akafika kwenye uvumilivu, kisha uthabiti, na mwisho tumaini. Kila hatua huanzia pale ilipoishia nyingine, kama beti za shairi la pindu. Mpangilio huu ni sehemu ya maana: tumaini ni pete ya mwisho ya mkufu, wala haliwezi kudaiwa kutoka kwa mtu siku ya kwanza ya msiba.

Kwa hiyo, mwalimu aepuke kuifunza dhamira hii kama amri ya kunyamaza. Zaburi nyingi huanza kwa malalamiko kabla ya kufikia sifa.

Zoezi: Chagua wimbo wa kanisani unaoimbwa kwenu wakati wa ukame au matanga. Onyesha mahali kilio kinapogeuka kuwa shukrani, na ueleze mbinu iliyotumiwa.