Kirusi na Kiebrania kwa mwenye kuanza: mambo niliyokuta nikiwa Kalengera



Miezi michache iliyopita mdogo wangu alinitumia ku WhatsApp picha ya karatasi. "Yaya, ni bourse ya Urusi. Wanasema nisaini leo. Nisaini?" Karatasi yote ilikuwa kwa Kirusi. Mimi nilikuwa na wiki sita tu za kujifunza ile lugha, peke yangu, na sikuweza kuelewa sentensi moja nzima. Lakini herufi nilizijua. Juu kabisa nikasoma polepole kama mtoto wa première primaire: tru-do-voy do-go-vor. Nikatafuta ku kamusi: mkataba wa kazi. Nikatafuta neno учёба (uchoba), yaani masomo: hakuna. Neno работа (rabota), kazi, nililikuta mara nne. Nikamwandikia: "Usisaini."

Njo sababu ninaandika. Wengi wetu, hasa tuliomaliza agronomie, tunaangalia upande wa Urusi na upande wa Israeli. Moscow kuna chuo kikuu kilichofunguliwa 1960, na Februari 1961, wiki chache baada ya Lumumba kuuawa, kikapewa jina lake. Jina likaondolewa 1992, likarudishwa 2023. Kule mgeni asiyejua Kirusi anafanya kwanza mwaka mmoja wa lugha mbele ya kuingia kozi yake. Israeli nako, ku bonde la Arava, tangu 1994 kuna kituo cha AICAT kinachopokea vijana wa Asia na Afrika kwa mafunzo ya kilimo. Masomo ni kwa Kiingereza, lakini wakulima wenyewe kati yao wanaongea Kiebrania.

Basi, mwenye kuanza anakuta nini?

1. KIRUSI

Herufi ni 33. Usiogope, zigawanye katika mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza ni zile tunazozijua: А, К, М, О, Т. Wa pili ni za kudanganya: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u. Wa tatu ni mpya, kama Ж, Ш na Ч. Ukiona РЕСТОРАН unaweza kusoma "pektopa" ukacheka, kumbe ni restoran tu. Herufi tano kwa siku, wiki moja unamaliza.

Kisha utagundua kwamba Kifaransa chetu kinasaidia. Warusi walikopa mengi kule: bilet, bagazh, etazh, shofyor. Na sisi wa agronomie tulikwisha kuongea Kirusi ku kozi ya pédologie bila kujua! Chernozem ni "udongo mweusi". Podzol ni pod (chini) na zola (majivu). Dokuchaev, aliyeandika kitabu chake juu ya chernozem mwaka 1883, alikuwa Mrusi, na dunia nzima ikabaki na maneno ya lugha yake. Udongo wetu huu wa volkano tunauita andosol, jina lenye asili ya Kijapani.

Tena, "mimi ni agronome" kwa Kirusi ni "Ya agronom". Hakuna "ni".

Ugumu uko ku mikia ya maneno. Sisi tunabadilisha kichwa: mtu mkubwa, kitu kikubwa. Warusi wanabadilisha mkia, kufuatana na kazi ya neno katika sentensi, na kazi hizo ni sita. Kalengera inabaki Kalengera, ukitoka au ukienda. Lakini Moskva: v Moskve ni "ndani ya Moscow", v Moskvu ni "kwenda Moscow", iz Moskvy ni "kutoka Moscow". Hata ku karatasi ya mdogo wangu, lile neno "kazi" lilikuja na mikia tofauti. Mwenye kuanza atafute mwanzo wa neno, mkia atauelewa baadaye.

Jambo lingine ni mkazo wa sauti. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, ukijua hivyo umemaliza. Kirusi kinahamahama: zámok ni ngome, zamók ni kufuli. Na "o" isiyokazwa inasikika kama "a": moloko, maziwa, wanatamka "malako". Kwa hiyo usijifunze neno kwa macho tu, lisikie.

2. KIEBRANIA

Herufi ni 22, zinaandikwa kutoka kuume kwenda kushoto, na tano zinabadilika sura zikikaa mwisho wa neno. Shida kubwa ni kwamba kwa kawaida vokali haziandikwi. Lakini sisi tunaoandikiana "slm ndg, npo hm", tutalalamika kweli? Ukijua lugha, jicho linajaza lenyewe. Ndiyo maana neno ulijifunze pamoja na sauti yake tangu siku ya kwanza.

Zawadi kwetu ni hii: Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu, na Kiswahili kilikopa sana ku Kiarabu. Angalia: damu ni dam, nafsi ni nefesh, roho ni ruakh, ardhi ni erets, kaburi ni kever, mia ni mea, elfu ni elef. Sitini ni shishim, sabini ni shivim. Hapa kwetu bei tunaitaja kwa Kifaransa, lakini zile hesabu za Kiswahili za shule zimepata kazi tena.

Maneno yanajengwa juu ya mzizi wa konsonanti, mara nyingi tatu. Sisi tuna kitabu, katibu, maktaba. Wao wana katav (aliandika), mikhtav (barua), ktiva (uandishi). Na "kazi" ni avoda, mzizi mmoja na ibada yetu.

Kinachosumbua ni mume na mke. Kwetu "ninajifunza" ni moja kwa wote. Kule mwanaume anasema ani lomed, mwanamke ani lomedet.

3. NAMNA YA KUFANYA

Usianze zote mbili pamoja. Mimi nilijaribu, nikachanganyikiwa. Ш ya Kirusi na ש ya Kiebrania zinafanana na zote ni "sh", lakini moja inaenda kushoto, nyingine kuume! Chagua moja, miezi mitatu kwanza.

Mega ni ghali. Ukipata réseau nzuri, pakua sauti na masomo ya wiki nzima, kisha soma bila intaneti. Duolingo ina lugha zote mbili kwa anayejua Kiingereza. Daftari moja, dakika ishirini kila siku, na kusoma kwa sauti, hata majirani wakikuona umepoteza akili.

4. MBELE YA KUSAINI

Hapa sifanyi mchezo. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press liliandika habari za wasichana wa Afrika walioitwa Tatarstan, Urusi, kwa ahadi ya kazi na masomo, wakajikuta kiwandani wakiunganisha drone za vita. Na tarehe 7 Oktoba 2023, kati ya waliouawa Israeli walikuwamo vijana wawili wa Tanzania waliokwenda mafunzo ya kilimo. Lugha haizuii risasi. Lakini inakuonyesha karatasi inasema nini na unapelekwa wapi.

Andika maneno haya ku daftari leo: договор (dogovor, mkataba), работа (rabota, kazi), учёба (uchoba, masomo), служба (sluzhba, utumishi, hata wa jeshi). Kwa Kiebrania: חוזה (khoze, mkataba), עבודה (avoda, kazi), לימודים (limudim, masomo). Ukiambiwa "bourse" na neno la masomo halimo, uliza. Wakikataa kukupa tafsiri, acha.

Mdogo wangu alinikasirikia wiki mbili nzima. Bourse bado hajapata. Lakini jana jioni nilimkuta na daftari langu, anaandika Ж mara ishirini, akaniuliza kama ya kwake imekaa vizuri.

Wewe uliyekwisha kuanza, tuambie hapa chini ulianza namna gani.