Dalali, Anza na Daftari Kabla ya Tovuti!

KAMA umewahi kutafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam, bila shaka machungu yake unayajua. Mimi mwenzio mwaka jana nilikuwa nahangaikia chumba na sebule pale Sinza. Nikakiona kwenye tovuti ya dalali mmoja: vigae chini, luku ya kujitegemea, kodi nafuu. Nikapiga simu haraka haraka na kutoa elfu ishirini ya kuonyeshwa.

Kufika pale, dalali anajikuna kichwa. "Aisee, hiyo imechukuliwa juzi, ila ipo nyingine safi kabisa Kimara." Jamani, Sinza na Kimara wapi na wapi? Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo uani akacheka sana. Kumbe ndiye mpangaji, anaishi humo tangu Pasaka, na mimi nilikuwa mtu wa nne kwenda kumgongea!

Nilikumbuka kisa hicho juzi juzi, pale dalali mmoja wa mtaani kwetu aliponiita kijiweni kwake. "Mdogo wangu, wewe si mwandishi? Kuna kijana wa kompyuta anataka kunitengenezea tovuti. Niweke nini?"

Nikamwambia kaka, kabla ya kumlipa huyo kijana, nunua daftari. Tovuti ni kama nyumba, haijengwi bila ramani.

Kwanza andika wateja wako ni akina nani. Anayetafuta chumba cha kupanga, anayetafuta fremu ya duka na ndugu yetu aliyeko Muscat anayetaka kununua kiwanja, hao ni watu watatu tofauti. Ukiwachanganya kwenye ukurasa mmoja, wote watakukimbia. Kila mmoja apate mlango wake.

Pili, kila nyumba andika majibu ya maswali ambayo mteja huwa anakuuliza kwenye simu. Kodi ni kiasi gani kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu, sita au mwaka mzima? Luku ni yako peke yako au ya kuchangia? Maji yanatoka kila siku? Choo ni cha ndani? Mwenye nyumba anaishi humo humo? Ni mwendo gani kutoka kituo cha daladala, na masika barabara inapitika? Na malipo yako wewe dalali yawe wazi. Watu wengi wanajua ni kodi ya mwezi mmoja, lakini wasikutane nayo mlangoni kama ajali.

Tatu, picha. Piga mchana, madirisha yakiwa wazi. Jiko na choo viwemo, maana mtu hakai sebuleni tu. Acha tabia ya kuazima picha za majumba ya Dubai, huko ni kuwapiga wenzio changa la macho. Halafu picha ya simu inaweza kuwa na megabaiti tatu au nne. Mwambie kijana wako aipunguze ishuke chini ya kilobaiti mia mbili, kwa sababu wateja wako wengi wanatumia simu na bando la kuungaunga. Ukurasa ukichelewa kufunguka, mtu anahamia kwa dalali mwingine.

Kwa viwanja, taja kama kimepimwa, ukubwa wake, na kama kina hati au ni makubaliano ya serikali ya mtaa tu. Mweleze mnunuzi kwamba anaweza kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa senti yake. Lakini nakala ya hati yenyewe usiibandike humo, matapeli watashukuru. Wala usianike majina na simu za wapangaji au wenye nyumba. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hapo kaka alikuwa anaitikia tu. Tulipofika kwenye tarehe ndipo akagoma. Nilimwambia kila nyumba iwe na tarehe uliyothibitisha kwamba bado ipo, na ikichukuliwa iondoke siku hiyo hiyo.

"Mdogo wangu, zile nzuri zilizochukuliwa ndizo zinazoleta watu! Na mwenye nyumba anawapa madalali watano nyumba moja. Mimi nitajuaje kama mwenzangu ameshapangisha?"

Kwa kweli hapo ana hoja. Lakini dawa ipo. Jumatatu na Alhamisi kaa na simu, wapigie wenye nyumba wote mmoja mmoja. Asiyepokea, nyumba yake ifiche mpaka apokee. Ni kazi, sikatai. Ila mteja uliyemdanganya mara moja harudi, tena anakutangaza saluni, kwenye daladala na kazini kwake. Mimi mpaka leo yule dalali wa Sinza nikisikia jina lake naongeza mwendo.

Jambo la mwisho ambalo wengi hulisahau: jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz, lisajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako, na neno la siri uwe nalo wewe. Kijana akisajili kwa jina lake, siku mkikosana anaondoka na duka lako lote. Ujue pia kwamba malipo yake ni ya kila mwaka. Ukisahau kulipa, inazimika. Na namba yako ya simu na mahali ofisi ilipo vionekane kila ukurasa, mtu asivitafute kama sindano.

Juzi nikapita tena kijiweni. Kaka amenunua daftari kweli, la kurasa mia moja. Alikuwa ameorodhesha nyumba kumi na nne, kisha akawapigia wenyewe. Tisa amezikata kwa kalamu nyekundu.

"Zimebaki tano tu," akaniambia kwa unyonge.

Kaka, anza na hizo tano. Angalau mtu akitoka Mbagala kuja kuziona, atazikuta.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.