Ngoma Iliyovuma Ikadumu: Wapiga Ngoma wa Burundi na Deni la Mashabiki Wao

Wahenga wetu walisema ngoma ivumayo haidumu. Walikusudia kutuonya tusihadaike na kishindo, kwani aghalabu chenye kelele nyingi leo, kesho husahauliwa. Iko ngoma moja, hata hivyo, iliyovuma tangu enzi za wafalme na ingali hai: ngoma ya kifalme ya Burundi. Msomaji aliyepata kuitazama, hata kama ni kwenye runinga au katika simu ya mwanawe, hahitaji kuelezwa kwa nini watu huiacha kazi iliyo mikononi mwao wakasimama kuisikiliza. Lakini kuipenda ngoma ni jambo moja, na kuijua ni jingine. Makala haya yanakusudia kuwasogeza wapenzi wa ngoma hiyo hatua moja karibu nayo, kisha kuuliza swali ambalo akina mama wa Pwani wana haki ya kuliuliza: ngoma hudumishwa na nani?

Kinachowavuta watazamaji

Wapiga ngoma hao, ambao kwa Kirundi huitwa abatimbo, huingia uwanjani kwa msafara, kila mmoja amejitwika ngoma yake kichwani. Ngoma zenyewe si nyepesi. Kila moja ni gogo la mti lililochongwa na kutobolewa ndani, likawambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi. Pamoja na uzito huo, wao huja wakitembea kwa madaha na kuzipiga zikiwa juu ya vichwa vyao, shingo zimenyooka, mgolole wa rangi nyekundu, nyeupe na kijani, ambazo ndizo rangi za bendera ya nchi yao, ukipepea mabegani. Hapo ndipo vigelegele vinapoanza. Warundi huviita impundu, na maana yake ni ile ile ya kwetu: furaha iliyozidi maneno.

Wakishafika, huzitua ngoma na kuzipanga katika umbo la mwezi mchanga. Desturi inataka ngoma zisipungue kumi na kitu, na idadi yake daima iwe witiri. Katikati huwekwa moja, nayo huitwa inkiranya. Hiyo ndiyo kiongozi. Baadhi ya ngoma zilizosalia, ziitwazo amashakwe, hushikilia mdundo mmoja usiokatika tangu mwanzo hadi mwisho. Nyingine, ziitwazo ibishikizo, huifuata inkiranya popote inapokwenda: ikiharakisha huharakisha, ikinyamaza hunyamaza. Mtazamaji mgeni husikia ngurumo moja. Mtazamaji aliyefundishwa husikia mazungumzo, mmoja akisema na wengine wakiitikia, huku kundi la tatu likilinda uwanja ili mazungumzo yasivurugike.

Lakini siri ya mapenzi ya watu kwa ngoma hii, kwa maoni ya mwandishi, imo katika jambo jingine. Inkiranya haina mwenyewe. Mpigaji mmoja hutoka katika safu yake, akaja mbele akiruka na kucheza, akatamba kwa maneno ya kishujaa, akaongoza kwa dakika chache, kisha akarudi mahali pake na kumwachia mwenziwe. Aliyekuwa akiongoza sasa anafuata, na aliyekuwa akifuata sasa anaongoza. Hakuna anayekatazwa zamu, wala hakuna anayeng'ang'ania. Watoto wanaoitazama ngoma hiyo hupata somo la adabu ambalo mzazi angelihangaika kulieleza kwa maneno.

Neno moja, maana mbili

Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ni chombo kinachopigwa, na ni utawala wenyewe. Mfalme, aliyeitwa mwami, hakuweza kutenganishwa na ngoma. Ngoma iliyotukuzwa kuliko zote iliitwa Karyenda, na Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, picha ya ngoma hiyo iliwekwa katikati ya bendera ya ufalme pamoja na mmea wa mtama. Mtama ulikuwa na sababu yake, kwani sherehe kubwa ya mwaka, iliyojulikana kama Umuganuro, ilikuwa ya kufungua msimu wa kupanda mtama, na ngoma ndizo zilizoitangaza.

Maana hiyo isitushangaze sisi watu wa Pwani. Katika miji yetu ya kale pia, siwa na ngoma zilikuwa alama za enzi, na aliyezishika ndiye aliyetambuliwa kuwa na neno katika mji. Wala Burundi si nchi ya mbali na lugha yetu. Katika mtaa wa Buyenzi, jijini Bujumbura, Kiswahili ndicho kinachosikika barazani na sokoni, na Waislamu ni wengi. Ngoma tunayoizungumzia ni ya majirani.

Ngoma hizo zilikuwa na walinzi wake na mahali pake. Mahali panapojulikana zaidi ni Gishora, karibu na mji wa Gitega, palipoasisiwa na Mwami Mwezi Gisabo katika karne ya 19. Elimu ya kuchonga na kupiga ilirithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana katika koo maalumu. Hata mti unaochongwa una jina lake, umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Yapo pia mambo ya itikadi za kale yaliyofungamana na ngoma hizo, kama vile imani ya kuamsha mizimu ya wahenga. Hayo Muislamu ana msimamo wake juu yake, naye anaweza kuistahi kazi ya mikono na nidhamu ya watu bila kuchukua itikadi yao.

Ufalme ulifutwa mwaka 1966. Ilidhaniwa labda ngoma nayo ingezikwa pamoja nao. Kinyume chake, ilitoka uani kwa mfalme ikaenda ulimwenguni. Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alitumia sauti ya wapiga ngoma wa Burundi, iliyokuwa imerekodiwa kwao, katika wimbo wake mmoja. Mwaka 1982 wapiga ngoma wenyewe walisimama jukwaani Uingereza katika tamasha la kwanza la WOMAD, mbele ya vijana waliozoea magitaa na vinanda vya umeme. Mwaka 2014 shirika la UNESCO likaiingiza ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Ngoma ilivuma, na ikadumu.

Mwili wa mama, mkono wa baba

Hapa ndipo pana jambo linalowagusa wasomaji wetu wanawake. Warundi wakizitaja sehemu za ngoma, huzitaja kwa majina ya mwili wa mama. Vigingi vinavyoishikilia ngozi huitwa amabere, yaani maziwa ya mama anyonyeshaye. Gogo lina inda, ndilo tumbo. Chini kuna umukondo, ndicho kitovu, nasi tunaweza kulisikia humo neno letu la kondo. Ipo pia urugori, jina la taji avaalo mwanamke aliyejaliwa mtoto. Ngoma ni mama, kwa ufupi, na sauti yake ni dua ya uzazi na mavuno.

Na mama huyo, kwa desturi, hupigwa na wanaume peke yao. Wanawake hucheza kando yake na kupiga vigelegele. Katika miaka ya karibuni yalikuwako makundi ya wanawake wa Kirundi yaliyojifunza kupiga, lakini mnamo Oktoba 2017 agizo la rais wa wakati huo, Pierre Nkurunziza, lilipiga marufuku mwanamke kugusa mpigo wa ngoma, likamruhusu kucheza michezo ya kike inayoandamana nayo. Agizo hilo hilo liliyataka makundi yote yajiandikishe serikalini. Tena lilimtaka anayetaka kuziita ngoma nje ya sherehe rasmi aombe idhini na kulipa faranga 500,000 za Burundi.

Insafu inatutaka tuzisikilize pande zote. Wenye kulitetea agizo walisema kwamba ngoma ilikuwa imegeuzwa bidhaa. Walisema inapigwa ovyo katika kila karamu, na kwamba heshima yake ilihitaji kulindwa kabla haijageuka tumbuizo la kukodi. Hoja hiyo haipuuziki. Sisi pia tumeona mambo ya heshima yakipigwa bei hadi yakapoteza ladha. Lakini kuilinda ngoma dhidi ya soko ni jambo moja, na kuifunga dhidi ya nusu ya wana wake ni jingine. Binti aliyekwisha kujifunza mpigo hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi ndiye bima ya elimu yoyote.

Nchi jirani inatuonyesha njia nyingine. Nchini Rwanda pia, ngoma ilikuwa ya wanaume. Mwaka 2004, katika mji wa Huye, msanii Odile Gakire Katese aliwakusanya wanawake akaanzisha kundi la Ingoma Nshya, maana yake ngoma mpya. Ilikuwa miaka kumi tu baada ya mauaji ya kimbari. Waliokuja walikuwa wajane, mayatima, na wake wa waliotuhumiwa. Wanawake ambao pengine wasingeweza kuamkiana njiani walijikuta wamesimama bega kwa bega, kwa kuwa mpigo hauendi ila kila mmoja amsikilize mwenziwe. Kundi hilo limepiga ngoma hadi ng'ambo, na ngoma ya Rwanda haikupungua heshima kwa hilo. Imepata mikono zaidi ya kuibeba.

Deni la shabiki

Basi shabiki anadaiwa nini? Kwanza, anadaiwa kujua. Siku nyingine mtakapowatazama wapiga ngoma wa Burundi pamoja na watoto, msiwaache waone miruko tu. Waonyesheni ngoma ya kati na waulizeni ni nani anayeongoza sasa na ni nani anayepokea. Waambieni wazisikilize zile ngoma zisizobadilisha mdundo, ambazo hakuna anayezipigia makofi, na ambazo bila ya hizo kiongozi angepotea. Mama wa nyumba atakuwa mwepesi wa kuielewa kazi hiyo.

Pili, anadaiwa kuitazama nyumba yake. Ni rahisi kuwasikitikia wanawake wa Burundi, na kusahau kwamba Pwani hii iliwapa wanawake midundo yao wenyewe. Vugo ilikuwa yao: pembe za nyati zikipigwa kwa vijiti, nyimbo zikitungwa papo hapo za kumsifu bibi harusi, kumtania bwana, na kufumba maneno yasiyosemeka waziwazi. Lelemama ilikuwa yao, na vyama vyake vya akina mama wa Mombasa vilikuwa na viongozi, na mashindano yaliyowagawa watu wa mji kuwa mashabiki wa huku na wa huko. Hakuna agizo la serikali lililotukataza hayo. Katika harusi nyingi tumeyaacha kwa hiari, tukaleta spika kubwa na nyimbo zilizokwisha kutiwa ndani yake. Wapo miongoni mwetu wanaosita kuhusu ngoma kwa sababu za kidini, na rai yao iheshimiwe. Lakini hata wao hawatakataa kwamba ubeti uliotungwa na bibi kwa ajili ya mjukuu wake una adabu kuliko mengi yanayotoka katika spika hizo.

Nyumba nyingi za Lamu, Mombasa na Malindi zingali na bibi mmoja anayejua kushika pembe na kijiti, na anayekumbuka ni ubeti gani huimbwa bibi harusi anapotolewa. Pengine hajaulizwa miaka mingi. Aulizwe wiki hii, baada ya alasiri, wajukuu wakiwa wamemzunguka. Simu iwekwe karibu kurekodi sauti yake, kisha iwekwe kando, na pembe wapewe mabinti walijaribu kwa mikono yao. Mara ya kwanza mdundo utawaponyoka. Bibi ataurudia.