Kidole Gumba Kilipopewa Kazi

Mwaka 1982, Mmarekani aliyetaka mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni alikuta madukani padi za kila sura. ColecoVision ilikuja na kijiti kifupi juu ya vitufe 12 vilivyopangwa kama vya simu ya mezani. Atari 5200 nayo ilikuwa na vitufe hivyohivyo, na kijiti kirefu zaidi. Intellivision ya kampuni ya Mattel, iliyokuwa imetangulia sokoni, ilibuni sahani ya duara inayotambua pande 16, ikaongeza vitufe vya namba na vingine vinne ubavuni. Gemu zake ziliuzwa pamoja na vikadi vya plastiki vya kupachika juu ya namba, ili mchezaji ajue kitufe kipi kinafanya nini. Mtu anakimbizwa na adui huku anasoma maandishi!

Mwaka huohuo, Nintendo ya Kyoto, Japani, ilitoa gemu ndogo ya mkononi ya Donkey Kong, yenye skrini mbili na kifuniko cha kukunja. Upande wa kushoto, chini, palikuwa na msalaba mdogo wa plastiki. Vile vitufe vya simu vilitoweka baadaye. Msalaba ungalipo mpaka leo.

Ili kuelewa kwa nini, tuanze na swali ambalo kila mashine humuuliza mchezaji. Inaweza kumuuliza "kiasi gani?" au "ndiyo au hapana?" Magnavox Odyssey, mashine ya kwanza ya gemu za nyumbani, iliyotoka mwaka 1972 kutokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer, iliuliza swali la kwanza. Padi yake ilikuwa kiboksi cha kuweka mezani chenye vifundo vya kuzungusha ubavuni: kimoja cha kupandisha na kushusha alama kwenye skrini, kimoja cha kuipeleka kulia na kushoto, na kimoja cha kuupinda mpira njiani.

Kifundo cha namna hiyo hubadilisha ukinzani wa umeme. Atari 2600 ya mwaka 1977 ilipima ukinzani huo kwa ujanja ninaoupenda sana. Umeme hupitia kwenye kifundo na kuijaza kapasita, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme. Ukinzani ukiwa mkubwa, kapasita hujaa polepole. Wakati huo programu inahesabu ni mistari mingapi ya picha imeshachorwa kwenye televisheni kabla kapasita haijajaa, na hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha mkono uko wapi. Hapakuhitajika chombo kingine cha kupimia. Ubaya wake ni kwamba uchafu ukiingia ndani ya kifundo, ukinzani unayumba, na picha nayo inatetemeka.

Kijiti maarufu cha Atari hiyohiyo kiliuliza swali la pili. Ndani yake mna swichi nne za pande nne na moja ya kitufe chekundu, basi. Ni rahisi, na hakina cha kurekebishwa. Lakini kitufe kilikaa kwenye kona ya kushoto, kwa hiyo mkono wa kushoto ulilazimika kushika boksi zima na kufyatua risasi kwa wakati mmoja, huku mkono wa kulia ukisukuma kijiti. Anayetumia zaidi mkono wa kushoto alipata taabu tangu mwanzo.

Atari 5200 ikarudi kwenye "kiasi gani", tena kwa kijiti ambacho ukikiachia hakirudi katikati. Jaribu kucheza Pac-Man hivyo, gemu ya vichochoro vyenye pande nne tu! Vitufe vyake navyo vilijulikana kwa kufa mapema. Mwaka 1984 mashine hiyo iliondolewa sokoni.

Aliyebuni msalaba ni Gunpei Yokoi, mhandisi aliyeingia Nintendo mwaka 1965 kutunza mitambo ya kutengenezea karata. Falsafa yake ilikuwa kuchukua teknolojia iliyozoeleka na kushuka bei, kisha kuitafutia matumizi mapya. Gemu ya kukunja haiwezi kuwa na kijiti kinachochomoza, kwa hiyo alihitaji kitu bapa. Msalaba wake ni kipande kimoja kilichokaa juu ya kinundu. Ukibonyeza mkono wa kulia, wa kushoto unainuka, hivyo mchezaji hawezi kwenda kulia na kushoto kwa pamoja. Chini yake kuna mpira laini wenye ncha nne za kaboni zinazounganisha umeme. Kidole gumba kinapapasa umbo na kujua kilipo bila macho kushuka kwenye padi, na kinabingirika kutoka upande hadi upande bila kunyanyuliwa. Hapo ndipo Yokoi alipowazidi wenzake.

Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchomeka kwenye televisheni, ilipotoka Julai 1983, msalaba ulikuwa kushoto na vitufe A na B kulia. Vitufe vya awali vya mraba, vya mpira, vilikuwa vinakwama; vikabadilishwa kuwa vya duara vya plastiki. Kwenye waya nako kulikuwa na akili. Atari ilitenga waya kwa kila swichi. Padi ya Nintendo ina vitufe vinane lakini nyaya tano tu, kwa sababu chipu ndogo ndani yake husoma vitufe vyote kwa mpigo, kisha hutuma majibu moja baada ya jingine, kwa kawaida mara 50 au 60 kwa sekunde.

Waliokulia Afrika Mashariki wakicheza gemu za kaseti kwenye mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom wameishika kazi hiyo ya Yokoi, hata kama jina la Nintendo halikuandikwa popote. Nyingi kati ya mashine hizo zilikuwa na plagi ya pini tisa yenye umbo la ile ya Atari, ingawa mawasiliano yaliyopita ndani yake yalikuwa ya Nintendo.

Msalaba una mipaka yake. Kukata kona kwa gari la mbio kunataka "kiasi gani", ndiyo maana Nintendo yenyewe ilirudisha kijiti mwaka 1996 kwenye Nintendo 64, safari hii chenye kurudi katikati. Msalaba haukuondolewa.

Kama una padi kuukuu ambayo upande mmoja umekufa, usiitupe. Fungua skrubu za nyuma, inua mpira, pangusa ncha za kaboni na bodi kwa pamba yenye spiriti kidogo, iache ikauke, kisha ifunge. Mara nyingi ugonjwa wake ni uchafu tu.