Raki ya Vyuma kwa Jimu ya Mtaani: Namna ya Kupata Iliyo Imara kwa Gharama Nafuu

Miongoni mwa miradi ambayo vikundi vya vijana vya Kaole na maeneo ya jirani huipendelea, ukumbi wa mazoezi ya viungo, yaani jimu, unazidi kutajwa. Wazo hilo lina msingi. Wateja wapo, kuanzia wavuvi wanaorudi alfajiri, madereva wa bodaboda na wanafunzi, hadi akina mama walioelezwa na daktari kwamba sukari au shinikizo la damu linahitaji mwili ushughulishwe. Hata hivyo, jimu ni biashara inayokula mtaji siku ya kwanza na kuurudisha kidogokidogo. Kifaa kinachokula sehemu kubwa ya mtaji huo, na ambacho kikikosewa kinaweza kumlemaza mtu, ni raki.

Tueleweshane kwanza kuhusu jina. Wapo wanaokiita kifaa hiki fremu ya vyuma. Katika makala haya tutakiita raki, kwa sababu kwetu fremu ni chumba cha duka, na kikundi kinachoomba fedha za «fremu mbili» kinaweza kueleweka vibaya kabisa mezani. Raki ni kizimba cha nguzo nne za chuma zilizounganishwa juu na chini. Nguzo zina matundu yaliyopangwa kutoka chini hadi juu. Katika matundu hayo hupachikwa kulabu mbili za kuegeshea ufito wa uzito, na chini yake vyuma viwili vya usalama vinavyolala toka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Mnyanyuaji husimama ndani. Nguvu zikimwishia, ufito hutua juu ya vyuma vya usalama badala ya kutua juu yake.

Kazi ya raki ni hiyo, na yote mengine yaliyopo katika matangazo ya maduka ni nyongeza. Mwandishi wa makala haya, enzi za chuo, alifanya mazoezi katika ua wa nyumba moja ambako ufito ulikuwa ekseli ya gari, uzito ulikuwa saruji iliyomwagwa katika makopo ya rangi, na mahali pa kuegeshea palikuwa nguzo mbili zilizochimbiwa ardhini. Jioni moja mwenzetu aliyekuwa amelala kwenye benchi alielemewa. Ufito ulimkalia kifuani, na hakuwa na pumzi ya kuita. Aliokolewa kwa sababu mtu mmoja alikuwa amerudi kuchukua ndala zake. Hakurudi tena mazoezini, na sidhani kama kuna aliyemlaumu.

Nguzo mbili zisizo na vyuma vya usalama ni rahisi kuliko raki kamili, na kwa mtu mmoja nyumbani kwake ni uamuzi wake. Kwa ukumbi unaotoza ada haikubaliki. Aina ya kati, ambayo wengi huiita nusu raki, ina nguzo mbili ndefu zenye mikono ya usalama inayochomoza mbele. Huokoa nafasi, lakini mikono hiyo imeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo huhitaji bomba nene zaidi na msingi mzito zaidi. Kwa fedha zilezile, raki ya nguzo nne ni salama zaidi.

Sasa tuje kwenye bomba, kwa maana hapo ndipo fedha inapopotea. Raki hutengenezwa kwa bomba la mraba. Raki nyepesi za nyumbani hutumia bomba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 2 au pungufu. Raki za kumbi za biashara hutumia milimita 75 kwa 75 yenye unene wa milimita 3, unene ambao mafundi hukadiria kuwa geji 11. Tofauti ya milimita moja inaonekana ndogo kwa jicho, lakini ndiyo inayoamua kama tundu la kulabu litabaki duara baada ya miaka mitatu au litapanuka na kuwa yai.

Tatizo ni kwamba bomba likishapakwa rangi au likishazibwa ncha, huwezi kuuona unene wake, na neno la muuzaji si kipimo. Kipimo ni mizani. Bomba la 75 kwa 75 lenye unene wa milimita 3, urefu wa mita 6, lina uzito wa takriban kilo 40. Lenye unene wa milimita 2 lina takriban kilo 27. Kwa bomba la 50 kwa 50, unene wa milimita 3 ni takriban kilo 25 na wa milimita 2 takriban kilo 18. Mizani ya kuning'iniza inayopimia samaki au mkaa inatosha kuitambua tofauti hiyo, na muuzaji mkweli hatakasirika ukiomba bomba lipimwe kabla ya kukatwa.

Njia za kupata raki ni tatu. Unaweza kununua mpya kutoka maduka ya vifaa vya michezo ya Dar es Salaam, hasa Kariakoo. Unaweza kununua iliyotumika, iliyoingia na makontena ya mitumba. Au unaweza kumpa kazi fundi wa kuchomelea. Ya kwanza ni ghali, na mara nyingi bidhaa za bei ya chini katika kundi hilo ni zile za matumizi ya nyumbani zilizopambwa kwa rangi inayong'aa. Ya pili inaweza kuwa bahati kubwa, mradi uikague kwa tochi ndani ya matundu na uhakikishe kulabu na vyuma vya usalama vyake vyote vipo. Raki iliyopotelewa na vyuma vya usalama ni nguzo nne tu. Ya tatu, kwa vikundi vyetu vingi, ndiyo yenye faida zaidi, kwa kuwa mafundi wanaotengeneza mageti na madirisha ya nondo hapa Bagamoyo wana zana zote zinazohitajika. Wanachokosa ni mchoro wenye vipimo sahihi.

Vipimo ni hivi. Ufito rasmi wa wanaume wa michezo ya Olimpiki una urefu wa mita 2.2 na uzito wa kilo 20. Wa wanawake una mita 2.01 na kilo 15. Nafasi kati ya sehemu mbili za kuvalishia sahani za uzito ni sentimita 131. Kwa hiyo upana wa raki kwa nje lazima uwe chini ya hapo. Sentimita 125 unafaa. Raki ikizidi, ufito hautakaa, na wapo waliogundua hilo baada ya rangi kukauka. Urefu wa nguzo uwe mita 2.1, na kina kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma mita 1.2.

Kwa vipimo hivyo raki nzima hutoka katika mabomba matatu ya mita 6. Bomba la kwanza na la pili, kila moja hutoa nguzo mbili za mita 2.1 na kipande cha ubavuni cha mita 1.2. La tatu hutoa vipande viwili vya ubavuni vilivyobaki na vipande vitatu vya mita 1.1 vya kuunganisha upande wa kushoto na kulia: viwili vya juu, kimoja cha chini nyuma. Upande wa mbele chini huachwa wazi ili mtu asijikwae akiwa na mzigo mabegani. Fundi anayesema mradi huu unahitaji mabomba sita aombwe aoneshe yanakoenda.

Matundu yapigwe kwa mashine ya kutoboa, si kwa moto wa gesi, kwa sababu moto huacha kingo zilizochakaa na tundu lisilo duara. Umbali kati ya tundu na tundu uwe sentimita 5. Isipokuwa kwenye eneo la benchi, yaani kati ya sentimita 40 na 80 kutoka chini, ingefaa uwe sentimita 2.5, maana vyuma vya usalama vinapaswa kukaa chini kidogo ya kifua cha mtu aliyelala na juu ya shingo yake. Vifua havilingani, kijana mnene na binti mwembamba hawawezi kulindwa na tundu lilelile. Vyuma vya usalama viwe chuma kilichojaa au bomba nene lililopitishiwa shafti ndani. Nondo ya ujenzi haifai, kwani mistari yake huukwaruza ufito. Viungo vichomelewe mzunguko mzima, si kwa nukta mbili za kushikizia.

Kabla ya kulipa malipo ya mwisho, raki ijaribiwe mbele ya wanakikundi. Mfuko wa saruji una kilo 50. Laza mbao juu ya vyuma vya usalama, panga mifuko sita, yaani kilo 300, iache usiku kucha. Asubuhi nyoosha uzi kutoka ncha hadi ncha ya kila chuma. Kikiwa kimepinda na hakirudi baada ya mzigo kuondolewa, kibadilishwe. Jaribio hili ni la mzigo uliotulia. Uzito unaoanguka hupiga kwa nguvu mara kadhaa zaidi, ndiyo maana tunajaribu kwa kilo 300 hata kama hakuna mteja anayekaribia kuzinyanyua.

Halafu ipo bahari. Magofu ya Kaole yamesimama tangu karne ya 13 kwa sababu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chuma hakina bahati hiyo. Hewa ya pwani hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huingia ndani ya bomba lililoachwa wazi na kulila kutoka ndani, mahali ambapo brashi haifiki. Kila ncha ya bomba izibwe kwa kipande cha bati kilichochomelewa. Chuma kisuguliwe hadi kiwe safi, kipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta mara mbili, na ndani ya matundu pasisahauliwe. Baada ya hapo, kufuta jasho kila siku na kupitisha kitambaa chenye maji baridi ya bomba kila wiki, kisha kukausha, kutaongeza umri wa raki kuliko rangi yoyote ya gharama. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike.

Kuhusu chumba, ufito wa mita 2.2 unahitaji walau sentimita 60 kila upande ili mtu avalishe sahani, jumla mita 3.4. Chumba cha upana wa mita 3 hakitoshi kwa upande huo, hivyo raki igeuzwe ufito ulale kwa urefu wa chumba. Sakafu iwe ya zege, na miguu ya raki ifungwe kwa bolti za kupanuka. Kibanda cha makuti juu ya mchanga kina upepo mzuri, lakini raki isiyofungwa chini huyumba.

Je, bomba nene linalipa? Tuchukue mfano wa hesabu tu: raki nyembamba iwe shilingi 700,000 na nene shilingi 1,100,000. Tofauti ni 400,000. Ada ikiwa shilingi 1,000 kwa siku, watu 15 kwa siku, siku 26 za mwezi, mapato ni 390,000. Tofauti yote ni kama mapato ya mwezi mmoja, kwa kifaa kitakachofanya kazi miaka mingi.

Vikundi vinavyokusudia kuomba mkopo wa Halmashauri vikumbuke kwamba fedha hizo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Utaratibu huo umo katika kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa; ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mkopo hauna riba, lakini si ruzuku. Kila shilingi inayorudi hukopeshwa kikundi kingine, pengine cha jirani yako. Andiko la mradi lioneshe mchoro wa raki, orodha ya mabomba na gharama kutoka kwa mafundi au wauzaji zaidi ya mmoja, na vifaa vinunuliwe kwa risiti ya mashine ya EFD. Ukumbi wenyewe utahitaji leseni ya biashara na namba ya mlipakodi. Vilevile Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mahali pa kazi pasajiliwe OSHA.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kumwona kwanza, kabla fundi hajapewa malipo ya awali. Kikundi kiende kwake na mchoro mkononi, hata kama umechorwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, mradi vipimo vyote vimeandikwa.