Uhamaji na Ubakiaji wa Wanafunzi katika Shule za Mkataba na Shule za Umma za Kawaida nchini Marekani

Shule za mkataba nchini Marekani hugharimiwa na fedha za umma na hazitozi ada, lakini huendeshwa na bodi zinazojitegemea badala ya uongozi wa wilaya ya elimu. Sheria ya kwanza ya kuziruhusu ilitungwa katika jimbo la Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Tangu wakati huo kumekuwa na madai kwamba baadhi ya shule hizo hufaulisha vizuri kwa sababu wanafunzi dhaifu huondoka na kurejea katika shule za umma za kawaida.

Takwimu za uhamaji peke yake haziungi mkono madai hayo. Ripoti ya Ofisi Huru ya Bajeti ya Jiji la New York ya mwaka 2014 ilionesha kuwa, kati ya watoto walioanza chekechea mwaka wa masomo 2008/2009, takribani asilimia 70 ya walioanza katika shule za mkataba walikuwa bado katika shule zilezile baada ya miaka mitatu, ikilinganishwa na asilimia 61 katika shule za kawaida za jirani. Vilevile, Zimmer na Guarino (2013), waliochunguza wilaya moja kubwa ya mjini, hawakupata ushahidi kwamba wanafunzi wenye alama za chini walikuwa wakisukumwa nje.

Hata hivyo, tofauti ya msingi hujitokeza katika kujazwa kwa nafasi zilizoachwa wazi. Shule ya kawaida hulazimika kumpokea mtoto wa eneo lake hata katikati ya mwaka. Shule ya mkataba, ambayo huchagua wanafunzi kwa bahati nasibu waombaji wanapozidi nafasi, inaweza katika baadhi ya majimbo kuacha kupokea wapya katika madarasa ya juu. Utafiti wa taasisi ya Mathematica kuhusu shule za KIPP ulibaini kuwa kiwango cha kuondoka kililingana na cha shule za jirani, ila waliochukua nafasi hizo katika madarasa ya juu walikuwa wachache zaidi.

Kwa mfano, shule mbili zikianza na wanafunzi 100 kila moja, na 40 wakaondoka kila upande, shule isiyojaza nafasi itapimwa kwa 60 waliozoea taratibu zake. Ile inayojaza itapimwa kwa 100, wakiwemo 40 waliofika wakiwa wamekosa sehemu ya masomo.

Hivyo basi, ulinganisho wa haki unahitaji kuonesha nani ameondoka, kwa sababu gani, na nani amechukua nafasi yake. Bila hayo, shule inayompokea mtoto aliyehamahama huonekana dhaifu kwa sababu tu haikumfungia mlango.